Umbali Usiopimwa kwa Dhiraa

Katika kisiwa cha Rossel, kilicho mwisho wa safu ya visiwa vya Louisiade upande wa mashariki ya Papua Guinea Mpya, mtu hawezi kusema "kile" akaishia hapo. Lugha ya kisiwa hicho, iitwayo Yélî Dnye, humtaka aamue kwanza. Kitu kikiwa karibu na msemaji, neno lake ni ala. Kikiwa karibu na yule anayesemeshwa, neno ni ye. Kikiwa mbali na wote wawili, ni mu. Kikiwa kimekwisha kutajwa katika mazungumzo, ni yi. Liko na kî, neno la jumla, linalotumika pasipo haja ya kupambanua zaidi. Na liko la sita, ambalo ndilo lililowafanya wanaisimu wakae wakifikiri: wu. Hilo ni la kitu ambacho msemaji hakukishuhudia kwa macho yake, bali amekijua kwa dalili, kama mtu aliyesikia mtikisiko nyuma ya ukuta asione kilichotikisika. Stephen Levinson, aliyekisoma kisiwa hicho kwa miongo kadhaa na kuitoa sarufi yake kamili mwaka 2022, ameyaeleza haya kwa utuvu wa mtu aliyekaa na wenye lugha akawasikiliza. Nao wenye lugha ni elfu chache tu.

Habari kama hii ikisimuliwa barazani, majibu huwa ya namna mbili, na yote mawili ni mabaya. Kundi la kwanza hucheka. Husema kwamba watu walioshindwa kupata neno moja la kuenea kila mahali, wakahitaji sita, ni watu wasioweza kufikiri kwa ujumla. Kwamba wingi huo ni ufukara uliojifunika kanga. Kundi la pili hustaajabu. Hilo hukusanya lugha za mbali kama mtu akusanyavyo kombe za pwani, likazipanga kabatini na kusema kwamba wasemaji wake wanaishi katika ulimwengu mwingine, usiofikiwa na akili ya mtu wa kawaida. Kicheko na mshangao ni watoto wa baba mmoja. Vyote viwili humwondolea msikilizaji taabu ya kufahamu.

Kicheko kina ukoo wa kisomi. Mwaka 1910 mwanafalsafa wa Kifaransa, Lucien Lévy-Bruhl, alichapisha kitabu juu ya fikra za watu wa jamii alizoziita za chini, na lugha akaipa nafasi kubwa humo. Hoja yake, kwa kuifupisha bila ya kuidhulumu, ni kuwa lugha za jamii hizo zimejaa maelezo ya mahali, umbo, mwendo na umbali kwa sababu fikra za wasemaji wake zimenasa katika vitu vinavyoonekana, na hazijapata kupanda hadi kwenye dhana tupu. Alikuwa mtu wa maktaba. Hakwenda kuishi na watu aliowaandika. Alisoma taarifa za wamishonari na wasafiri akazifuma. Alifariki mwaka 1939, na madaftari yake yaliyochapishwa mwaka 1949 yanaonyesha kwamba mwenyewe alikwisha kuurudi mgawanyo wake mkuu wa akili mbili za wanadamu. Huo ni ungwana wa kusifiwa. Lakini mwenye hoja alipoitupa, warithi wake hawakuwa na habari, na hadi leo wanaila. Sauti yao husikika kila itajwapo lugha ya watu wachache. Husikika hata Unguja, pale Kimakunduchi au Kitumbatu kinapoigizwa kwa mzaha ili watu wacheke.

Kabla ya kuijibu hoja hiyo ni wajibu kusema lugha zinazozungumzwa ni zipi, maana jina "lugha za Kipapua" lenyewe ni mtego. Halitaji ukoo mmoja, kama ilivyo kwa Kibantu. Ni jina la kukanusha: hujumuisha lugha za Guinea Mpya na visiwa vya jirani ambazo si za ukoo wa Kiaustronesia, ule wa Kimalai na Kimalagasi, wala si za Australia. Zinapita 800, katika koo nyingi mbalimbali, na baadhi yake, kama hiyo ya Rossel, hazijulikani kuwa na ndugu yeyote. Basi msomaji asidhani kwamba lisemwalo juu ya moja limesemwa juu ya zote. Linalozikutanisha nyingi kati yao ni jambo moja la kitabia: hazitosheki na "karibu" na "mbali".

Bonde la mto Eipo limo katika milima ya kati, upande wa Guinea Mpya ulio chini ya Indonesia. Volker Heeschen, Mjerumani aliyefanya utafiti huko tangu miaka ya 1970, aliandika makala mwaka 1982 juu ya namna lugha kadhaa za Kipapua zinavyoonyesha mahali. Katika Kieipo, yeye asemaye "hapa" hutumia shina a-. Akitaka "kule" hapati neno moja. Kuna ei-, kule juu. Kuna ou-, kule chini. Na kuna or-, kule ng'ambo, upande wa pili wa bonde. Hakuna "kule" iliyo kavu ya kuwaridhisha wasiojua waliposimama.

Sasa na atazamwe mtu huyo kwa miguu yake. Kijiji kilicho ng'ambo ya bonde kinaonekana waziwazi. Moshi wake unaonekana, na mtu akipaza sauti pengine atasikika. Kwa jicho la ndege ni karibu. Lakini kukifikia ni kuteremka hadi mtoni, kuvuka maji, kisha kuparamia upande wa pili, na jua laweza kukiegemea kilima mtu hajafika. Bustani iliyo juu ya nyumba, kwa umbali uleule wa jicho, ina hesabu yake ya pumzi. Kisima kilicho chini kina nyingine, hasa wakati wa kurudi na mzigo. Mtu anayeishi humo akiambiwa "mbali kidogo" ameambiwa nini? Dhiraa haimfai kitu. Kinachomfaa ni kujua atapanda, atateremka, au atavuka. Sarufi yake imeyaweka haya mwanzoni mwa neno, mahali ambapo ulimi haukwepi.

Mambo ya namna hiyo yamejaa katika eneo zima. Katika visiwa vya Alor na Pantar, kaskazini ya Timor, lugha zipatazo 20 za ukoo mmoja hupambanua kilicho juu, kilicho chini na kilicho sawa na msemaji, na hata vitenzi vya "kwenda" na "kuja" huhesabiwa humo. Kimanambu cha mto Sepik, kwa sarufi aliyoiandika Alexandra Aikhenvald mwaka 2008, hukitia kionyeshi alama za juu na chini na za upande wa pili, kama inavyopasa kwa watu ambao njia yao kuu ni maji ya mto.

Lakini mpenzi wa ushairi aliyeko visiwani Zanzibar ana sababu ya pekee ya kuzitazama lugha za Halmahera ya Kaskazini. Ternate na Tidore ni visiwa viwili vidogo, kila kimoja mlima wa moto uliochomoza baharini: Gamalama wa Ternate una takriban mita 1,715, na Kie Matubu wa Tidore takriban mita 1,730. Visiwani humo ndimo mkarafuu ulimokuwa kabla ya kuwa mti wa dunia. Merikebu za Magellan, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kuuawa Ufilipino, zilitia nanga Tidore Novemba 1521 kwa ajili ya karafuu. Mwaka 1770 miche ilifikishwa Mauritius kwa juhudi za Pierre Poivre, na mwanzoni mwa karne ya 19 ikavuka hadi Unguja, na kutoka Unguja hadi Pemba. Mti umekuja, lugha ya wenyewe haikuja na mti. Nao wenyewe, watu wa Ternate na Tidore, ingawa wako mbali magharibi ya Guinea Mpya na wamezungukwa na lugha za Kiaustronesia, lugha zao za asili zinahesabiwa miongoni mwa za Kipapua.

Huko mwelekeo mkuu ni bahari na bara. Katika Kitobelo cha Halmahera, ambacho sarufi yake iliandikwa na Gary Holton mwaka 2003, kitenzi hubeba kiambishi tamati cha kuonyesha tendo linakoelekea: -oko ni kuelekea baharini, -iha ni kuelekea bara, -ilye ni juu, -uku ni chini, -ino ni kuja upande huu, -ika ni kwenda upande ule. (Atakayeona -uku na -oko akakumbuka "huku" na "huko", kisha akakimbilia kuandika kwamba Waswahili na Watobelo ni ndugu, aoge maji ya baridi kwanza. Sauti za kinywa cha mwanadamu ni chache, na bahati nasibu ina kazi nyingi.) Na hizo "juu" na "chini" hazimo katika kupanda mlima na kuteremka tu. Katika visiwa hivyo mtu husemekana kwenda juu au chini akiwa anaambaa pwani iliyo tambarare, au akivuka kwenda kisiwa jirani, kwa mapatano ya wenyeji ambayo mgeni hawezi kuyakisia kwa kuitazama ardhi. Inambidi ajifunze, kama mgeni wa Unguja anavyojifunza kwamba Ng'ambo ni mtaa, na kwamba ni ng'ambo kwa aliyesimama Mji Mkongwe.

Hapo hoja ya Lévy-Bruhl inaanza kutoa nyufa. Mtu aliyenaswa na vitu vinavyoonekana angeliita "juu" kile kilicho juu tu. Mapatano ya kuiita pwani tambarare "juu" ni kitu gani kama si dhana iliyokwisha kung'olewa ardhini?

Ufa unakuwa shimo tukio la bonde la Yupno likifikiriwa. Yupno wanakaa katika milima ya Finisterre, Papua Guinea Mpya, na mazungumzo yao yote ya mahali yameshika "upande wa kupanda" na "upande wa kuteremka". Mwaka 2012 Rafael Núñez, Kensy Cooperrider na wenzao walieleza kwamba Yupno wanapozungumzia wakati, mikono yao hufuata mlima: yaliyopita huonyeshwa chini, mto unakoelekea, na yajayo huonyeshwa juu, mto unakotoka. Watafiti hao walidokeza kwamba asili yake huenda ni kumbukumbu ya wahenga waliotoka pwani wakakwea bonde. Mstari wa wakati wao haukunyooka kama rula. Umepinda kama bonde lilivyopinda. Wapenzi wa mshangao waliipokea habari hiyo kwa shangwe: tazama, watu ambao kesho yao iko mlimani!

Mwaka 2017 watafiti haohao wakatoa makala nyingine, iliyosomwa na wachache zaidi ingawa ndiyo iliyostahiki kusomwa. Waliingia ndani ya nyumba. Sakafu ya nyumba ya Yupno ni sawa. Hakuna mpando wala mteremko. Swali lilikuwa: humo ndani watu hufanya nini na maneno yao ya mlimani? Ingetarajiwa ama wayaache mlangoni, ama waufuate mteremko ulioko nje ya kuta. Hawafanyi hili wala lile. Nyumba imegeuzwa bonde dogo lenye mlima wake wa kudhaniwa: upande wa mlangoni ni wa kuteremka, na upande ulio mbali na mlango ni wa kupanda, nyumba iwe imeelekea popote. Kibuyu kilicho sakafuni, palipo sawa kabisa, kiko "juu" ya kibuyu kingine kwa sababu kiko ndani zaidi.

Basi nani aliyeshindwa na dhana tupu? Watu wanaoitwa wafungwa wa mlima wameuchukua mlima, wakaukunja, wakauingiza nyumbani, wakautandika juu ya sakafu isiyo na mwinuko hata wa kidole. Kufanya hivyo ni sawa na kazi ya mchora ramani, na ni sawa na kazi ya mshairi. Na kwa wapenzi wa mshangao pia jibu ni hilohilo. Mtu anayeweza kuhamisha mlima kwa hiari yake hakufungwa na lugha wala na ardhi. Ana kawaida, kama Waswahili walivyo na yao. Waswahili wenyewe wamezitaja pande mbili za dunia kwa pepo, kaskazi na kusi, na mtu aliyekaa chumbani Berlin, pasipo kaskazi wala kusi, husema "kaskazini" na "kusini" bila ya kusikia upepo wowote. Hakuna aliyemwita mfungwa wa upepo.

Wataalamu wa kuhesabu nao wana sehemu yao ya lawama, ingawa ndogo, kwani walisema wazi wanahesabu nini. Katika atlasi kubwa ya miundo ya lugha iliyotolewa mwaka 2005, Holger Diessel alilinganisha vionyeshi vya lugha 234 na kukuta kwamba 127 zina ngazi mbili za umbali na 88 zina tatu. Hesabu hiyo ni ya umbali peke yake. Lugha inayogawanya "kule" katika juu, chini na ng'ambo, bila ya kuongeza hatua ya umbali, itaingia safu moja na lugha isiyojua lolote kati ya hayo. Atlasi haina kosa. Kosa ni la msomaji anayeitazama ramani yenye nukta za rangi, akaondoka akiamini kwamba ameziona lugha.

Na kosa hilohilo linafanywa kila siku katika kufundisha Kiswahili. Jedwali limo katika vitabu vingi vya shule: huyu, karibu, huyo, mbali kidogo, yule, mbali sana. Mwanafunzi hulikariri, hulijibu katika mtihani, akapata alama, akatoka akiwa amepunguziwa lugha aliyoingia nayo. Maana mtoto wa Kiswahili asiyewahi kuliona jedwali hilo anajua kwamba "huyo" hakukaa katikati ya njia baina ya "huyu" na "yule". "Kikombe hicho" ni kikombe kilicho kwako wewe unayesemeshwa, hata kama uko London na mazungumzo ni ya simu. "Mtu huyo" ni yule aliyekwisha kutajwa, awe amekaa mlangoni au amekufa miaka 300 iliyopita. Ngano za kale huanzia "hapo", wala hakuna msimulizi aliyekusudia kusema kwamba zamani ziko umbali wa wastani. Kisha zipo po, ko na mo, ambazo hazigusi umbali kabisa: pale ni mahali mahsusi, kule ni eneo lililotawanyika, mle ni ndani. Jedwali la hatua tatu linazitupa zote katika kapu moja.

Hapa ndipo kisiwa cha Rossel kinapomfaa Mswahili kuliko vitabu vyake. Yélî Dnye imepambanua kwa maneno mawili, ye na yi, kile ambacho Kiswahili kimekiweka katika -o moja: kilicho kwako, na kilichotajwa baina yetu. Anayeziona mbili zimetengana huko ndiye atakayetambua kwamba zimeungana huku, na kwamba kuungana kwake kuna maana. Kilichotajwa ni kama kilichokabidhiwa mkononi mwa msikilizaji. Jambo hilo halionekani kwa kuikodolea macho lugha moja. Wala halionekani kwa kupitia Kiingereza peke yake, ambacho kwa hesabu hii ni lugha ya ngazi mbili, nacho ndicho kioo ambacho wasomi wengi wa Afrika Mashariki hukitumia kuzitazama lugha zote, pamoja na zao.

Matokeo yake yamo katika tungo. Huyu, huyo na yule zote ni za mizani mbili. Mizani haimzuii mtunzi kuweka lolote kati ya hayo matatu; kinachomzuia ni vina tu, navyo vikiangukia mahali pengine hakuna kinachomzuia. Ndiyo sababu diwani nyingi za siku hizi zimejaa "yule" zisizo na kazi isipokuwa kujaza kipande kifike nane. Mpenzi anaitwa "yule" katika ubeti wa kwanza, "huyo" katika wa pili, "huyu" katika wa tatu, wala hakusogea. Malenga wa zamani wangeuliza: amekuja lini? Nani kamleta? Mtunzi akijibu kwamba ni ruhusa ya mshairi, anaitumia ruhusa hiyo vibaya. Ruhusa ya mshairi ni ya kulikata neno au kulirefusha. Haijawahi kuwa ruhusa ya kutojua mtu anayemsema amesimama wapi.

Wafasiri wana hatia kubwa zaidi, kwa kuwa wao wameliona neno la mwenzao kabla ya kuliharibu. Anayefasiri kutoka Kiingereza hulikuta neno moja la "kule" akaliandika "pale" kila mahali, kwa kuwa ndilo la kwanza kumjia. Roman Jakobson, katika insha yake ya mwaka 1959 juu ya tafsiri, alieleza kwamba tofauti kubwa baina ya lugha iko katika mambo ambayo msemaji hana hiari ya kuyaacha. Kila lugha yaweza kusema lolote. Kila lugha ina lake la lazima. Mfasiri anayeingia Kiswahili kutoka Kiingereza analazimika kuchagua baina ya pale, kule na mle, na baina ya hapo, huko na humo, ambapo mwandishi wa asili hakuchagua. Kuchagua bila ya kufikiri ni kuchagua vilevile.

Waliofasiri Injili katika lugha za milima ya Guinea Mpya hawakuwa na njia ya kukwepa. Mfano wa Msamaria mwema ni wa mtu anayetoka Yerusalemu kwenda Yeriko. Yerusalemu uko juu milimani, zaidi ya mita 700 juu ya bahari. Yeriko uko bondeni, takriban mita 250 chini ya usawa wa bahari. Kiyunani kinasema waziwazi kwamba mtu yule alikuwa anateremka, na mfasiri wa mjini aweza kuandika "alikwenda" asijali. Katika lugha ambayo kila "kule" ni ya juu, ya chini au ya ng'ambo, hilo haliwezekani. Lazima ijulikane njia ilivyo, majambazi walivizia wapi, na yule kuhani aliyepita upande wa pili alipita upande upi. Hadithi inapata ardhi yake. Ni ajabu kwamba lugha zilizodharauliwa ndizo zinazodai ramani, na zilizotukuzwa ndizo zinazoridhika bila ramani.

Lugha hizo zinapungua. Ternate na Tidore, Kimalai cha eneo hilo kinazidi kuwa lugha ya kwanza ya watoto; upande wa Papua Guinea Mpya, Tok Pisin inafanya kazi hiyohiyo. Wapo wanaosema hakuna hasara, kwa kuwa haja ya kusema mahali haikufa. Ni kweli haikufa. Kimalai cha Maluku ya Kaskazini kimejipatia "kuelekea baharini" na "kuelekea bara", lao na dara, kwa kuzifuata lugha za wenyeji. Na Tok Pisin ina antap kwa juu, daunbilo kwa chini, hapsait kwa ng'ambo. Mahitaji ya miguu hupata maneno popote. Hata hivyo wanaotoa hoja hii wamesahau jambo moja. Neno linalosimama peke yake laweza kuachwa. Kiambishi kilichoshikwa na kitenzi hakiachwi. Mtoto aliyekuzwa na Kitobelo anajua bahari iko upande gani hata usiku, chumbani, akiwa na umri wa miaka mitano, kwa sababu hawezi kumaliza sentensi bila ya kuijua. Aliyekuzwa na lugha nyingine aweza kuijua pia, akitaka. Hilo la "akitaka" ndilo linalotofautisha lugha mbili hizo, na ndilo linalopotea kwanza, tena bila ya kuonekana, kwa kuwa maneno yote yangali yapo.

Hakuna anayemtaka mshairi wa Pemba ajifunze Kitidore. Lakini na achukuliwe mfano wa kinyume chake: mtu wa Tidore apate kulipenda shairi la Kipemba juu ya mchumaji wa karafuu, alitamani katika lugha yake. Ubeti wa kwanza unasema kwamba mwanamke amekaa "pale" akitenga makonyo, na mwanamume yuko "kule" mkarafuuni. Kwa mtu huyo swali ni la lazima kabla ya kalamu kugusa karatasi: huyo mwanamke, ukimtazama kutoka chini ya mti, yuko upande wa baharini au upande wa bara? Na jamvi limeanikwa uwandani au mteremkoni? Itambidi amwandikie mwenye shairi amuulize, na mwenye shairi awe na jibu.